Nani Atakayetafiti Vyama vya Kakamega?

Mwaka 1934 Mjerumani mmoja, Günter Wagner, alifika katika wilaya ya Kavirondo Kaskazini, ambayo makao yake yalikuwa Kakamega. Hakuwa mmishonari, hakuwa afisa wa serikali, wala hakuwa mlowezi. Alikuwa mtafiti mgeni. Muda wake ulilipiwa na taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika yenye makao London, nayo taasisi hiyo ilitegemea fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Alifanya kazi kwa vipindi hadi 1938, hasa miongoni mwa Walogoli na Wabukusu. Matunda yake ni The Bantu of North Kavirondo: juzuu la kwanza lilitoka 1949, la pili 1956, miaka minne baada ya mwandishi kufariki. Mpaka leo, anayetaka kujua habari za tohara, ndoa, matanga na umiliki wa ardhi miongoni mwa Waluhya wa zamani huanzia hapo.

Lakini Wagner aliikuta wilaya ikiwa moto. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, na mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika iliyokuwa imepitishwa miaka miwili tu kabla. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya Mwafrika ikichukuliwa, atapewa nyingine ya kulingana nayo. Marekebisho ya 1932 yakaruhusu alipwe pesa na aondoke. Vijana waliosoma shule za misheni wakaunda North Kavirondo Central Association. Wakaandika malalamiko, wakaitisha mikutano, wakadai uongozi mmoja na jina moja kwa watu wote wa wilaya. Ukitafuta asasi ya kiraia katika historia ya Kakamega, hii ilikuwa mbele ya macho ya Wagner. Hata hivyo uzito wa juzuu zake uko kwingine: kwenye ukoo, tambiko, uchawi, mahari na kilimo. Taaluma iliyomfunza na mfuko uliomlipia vilimtaka aangalie mila, naye akaziangalia kwa bidii kubwa.

Ilibidi kungoja miaka mingi kabla mgogoro wa dhahabu haujapata kitabu chake, A Failed Eldorado cha Priscilla Shilaro, kilichotoka 2008. Na jinsi vyama vya enzi hiyo vilivyolijenga jina la Waluhya lenyewe ilikuja kuelezwa na mwanahistoria Julie MacArthur katika Cartography and the Political Imagination ya 2016. Vyama vilikuwepo, watafiti wageni walikuwepo, lakini kati ya tukio na uchambuzi wake ilipita zaidi ya nusu karne.

Naanza na Wagner kwa sababu kisa chake kinabeba swali zima la nafasi za watafiti wageni wanaochunguza mashirika na asasi za kiraia. Anayelipa muda wa mtafiti, mahali anapokaa, miezi aliyopewa na msomaji anayemwandikia, hayo manne huamua ataona nini. Akili na moyo wa mtafiti huja baadaye. Na kwa Kakamega, manne hayo kwa kawaida yamepangwa mahali pengine.

Nafasi yenyewe ni jambo rahisi kulieleza. Chuo au taasisi humpa mtu dawati, kadi ya maktaba, posho na miezi kadhaa isiyo na vipindi vya kufundisha wala mitihani ya kusahihisha. Naye hutoa mhadhara mmoja au miwili, hukutana na wenzake, huondoka na andiko. Kwa upande wa asasi za kiraia, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore kilikuwa na watafiti wageni wake chini ya kituo kilichoongozwa na marehemu Lester Salamon. City University of New York ilikuwa na programu ya viongozi chipukizi wa sekta hiyo. Washington kumekuwa na nafasi za Reagan-Fascell tangu 2001, zinazowachukua wanaharakati pamoja na wasomi. Uppsala na Leiden hupokea watafiti wa Kiafrika kwa miezi michache. Barani kwetu, CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, imelea vizazi vya wanasayansi ya jamii, na Chuo Kikuu cha Natal, Durban, ambacho sasa ni cha KwaZulu-Natal, kilianzisha kituo cha asasi za kiraia mwaka 2001.

Mkenya amefaidika na mpango huu, na si vyema kulidharau hilo. Mradi mkubwa wa Johns Hopkins wa kulinganisha sekta isiyo ya faida duniani uliifikia Kenya, na watafiti wa Taasisi ya Mafunzo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, wakiwemo Karuti Kanyinga na Winnie Mitullah, ndio waliofanya kazi ya kupima ukubwa wa sekta hiyo hapa nchini. Stephen Ndegwa aliandika The Two Faces of Civil Society mwaka 1996 akichambua mashirika mawili ya Kenya, Undugu Society na Green Belt Movement. Hoja yake ilikuwa nzito kwa wakati ule: shirika kuwa nje ya serikali hakutoshi kulifanya litetee demokrasia, kwa kuwa uamuzi wa viongozi wake una sehemu kubwa. Miaka ishirini baadaye, Jennifer Brass, Mmarekani, akaonyesha katika Allies or Adversaries jinsi mashirika na serikali ya Kenya yalivyofika mahali pa kufanya kazi bega kwa bega katika kutoa huduma.

Sasa tazama ramani ya kazi hizo. Nairobi, Baltimore, Washington. Kakamega huingia humo kama mahali pa kukusanyia majibu.

Kuna kisa kimoja kinachokwenda kinyume, na kinastahili kukaliwa kwa muda. Katikati ya miaka ya 1980 Michael Kremer, aliyekuwa ametoka tu kumaliza shahada ya kwanza Harvard, alifundisha shule ya sekondari wilayani Kakamega kwa takriban mwaka mmoja. Hakuja kutafiti. Alisahihisha madaftari, akaishi na walimu, akajifunza jinsi shule ya kijijini inavyokwenda pale karo isipolipwa na vitabu visipofika. Miaka ya 1990, akiwa tayari ni mwanauchumi, alirudi kuwatembelea marafiki. Mmoja wao alikuwa akifanya kazi Busia na shirika la Kiholanzi la ICS, ambalo lilikuwa likijiandaa kusaidia shule kadhaa. Kremer akapendekeza jambo ambalo baadaye lilibadilisha taaluma yake: kwa kuwa shirika haliwezi kuzifikia shule zote kwa mara moja, shule za kuanza zichaguliwe kwa kura, kisha zilinganishwe na zile zinazongoja zamu.

Kutokana na ushirikiano huo na ICS ukaja utafiti wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, ulioanza 1998 na kuchapishwa na Kremer pamoja na Edward Miguel mwaka 2004. Utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wa shule jirani ambazo hazikupata dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Mwaka 2019 Kremer, Abhijit Banerjee na Esther Duflo wakapata Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hii ya kupima miradi ya kupunguza umaskini. Kwa maoni yangu, chanzo cha yote hayo ni mwaka ule wa kufundisha. Kama angekuja kwa wiki sita na dodoso mkononi, asingekuwa na rafiki Busia wa kumweleza shirika linapanga nini kabla halijaanza kufanya.

Jambo la pili katika kisa hicho halizungumzwi sana. Watafiti walikuwa wakilitumia shirika kama mlango wa kufikia shule. Shirika lenyewe, yaani jinsi linavyofanya maamuzi, nani anamwajiri nani, vikundi vya kijijini hubadilika vipi pesa zikiingia, halikuwa ndilo swali. Mary Kay Gugerty, akiwa na Kremer, ndiye aliyeligeuza swali. Walichunguza vikundi vya wanawake wakulima vya Busia na Teso vilivyopewa msaada kutoka nje, wakavilinganisha na vilivyokuwa bado havijapewa. Andiko lao lilitoka 2008. Waligundua kwamba msaada ulivibadilisha vikundi vyenyewe. Wanachama wapya walikuwa vijana zaidi, wenye elimu na kipato zaidi. Wanaume na wanawake wenye uwezo wakapanda kwenye uongozi. Wanawake wazee, ambao kikundi kilikuwa kimbilio lao, walitoka kwa kasi kubwa kuliko kabla. Pesa iliyoletwa ili kuwainua wanyonge iliwafanya wanyonge wapungue ndani ya chombo chao wenyewe.

Kila afisa wa maendeleo ya jamii mjini Kakamega angepaswa kuujua utafiti huo kama anavyojua njia ya kwenda ofisini. Uko kwenye jarida la Kimarekani la sayansi ya siasa, kwa Kiingereza, na kuusoma kunahitaji chuo kilicholipia jarida hilo au mtu anayejua kuutafuta. Wanawake waliohesabiwa humo hawakuandikiwa toleo lao.

Sasa tuangalie ni kitu gani hasa mtafiti wa asasi za kiraia anapaswa kukitafiti hapa. Sheria inatambua tabaka mbili. Mashirika ya manufaa ya umma yanaongozwa na sheria iliyotiwa saini Januari 2013 na Rais Mwai Kibaki, ambayo ilikaa kabatini zaidi ya miaka kumi na moja, licha ya mahakama kuamuru 2016 ianze kutumika, hadi ilipoanza tarehe 14 Mei 2024. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1990 ya uratibu wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Vikundi vya kijamii navyo vina sheria yao ya 2022, na husajiliwa katika ofisi za maendeleo ya jamii. Mtafiti anayekuja kwa miezi mitatu huomba orodha ya tabaka la kwanza, kwa sababu ipo Nairobi, iko kwa Kiingereza, na kila shirika lina barua pepe. Lakini katika kaunti ya watu 1,867,579, kwa hesabu ya sensa ya 2019, maisha ya kujumuika yako zaidi kwenye tabaka la pili, na chini yake, kwenye vikundi visivyosajiliwa popote.

Fungua daftari la chama cha akina mama kijijini Ikolomani. Ni daftari la mistari, limechorwa safu kwa rula na kalamu nyekundu: jina, hisa, mkopo, riba, faini ya kuchelewa, na safu ya mwisho ya mchango wa jamii, yaani akiba ya mgonjwa na msiba. Kwenye ukurasa wa nyuma kuna majina ya waliochukua vyombo vya chama kwa ajili ya arusi, sufuria ngapi, sahani ngapi, na nani hajarudisha. Pesa zenyewe ziko kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu, na sanduku linalala kwa wa nne. Kumbukumbu za mkutano zimeandikwa Kiswahili hadi pale ugomvi ulipoanza, kisha karani akahamia Lwidakho, lugha ya nyumbani, kwa sababu maneno yalitoka haraka. Hicho ni chombo cha utawala kamili, chenye katiba, uchaguzi, adhabu na rufaa, na kinaendeshwa na watu ambao kwenye ripoti nyingi huitwa walengwa.

Ukitaka kukielewa, unahitaji kuwepo Disemba. Hapo ndipo vyama vingi hufunga mwaka, hukusanya mikopo iliyobaki na kugawana. Disemba ndipo watu wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi, Mombasa na Eldoret, ndipo kamati za matanga za mwaka mzima hulinganisha hesabu, ndipo mwenyekiti aliyekula pesa hujulikana. Vyuo vya Ulaya na Marekani vina likizo ndefu kuanzia Juni hadi Agosti. Watafiti wengi huja miezi hiyo. Hukuta vikao vya kawaida, huhojiana na viongozi wanaozungumza vizuri, huondoka kabla hesabu haijafungwa. Matokeo yake tunasoma maandiko yanayosifu mshikamano wa vikundi au yanayolalamikia udhaifu wake, na yote mawili yameandikwa na watu ambao hawakuuona mgawo.

Kuna tofauti ya kushangaza hapa hapa kaunti. Msitu wa Kakamega umetafitiwa kwa muda mrefu na kwa mpango. Mradi wa Kijerumani wa BIOTA ulifanya kazi humo karibu mwongo mzima wa kwanza wa karne hii, ukirudi kwenye vipande vilevile vya msitu mwaka baada ya mwaka. Lakini pembeni mwa msitu huohuo kuna mambo ya kijamii yanayostahili uvumilivu kama huo. Mpango wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP ulianzishwa 1995 na vijana wa hapa waliokuwa wakiwaongoza wageni msituni. Kikundi cha wakulima cha Muliru kilipanda mmea wa jamii ya mrihani, kikakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, kwa msaada wa kitaalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, na mwaka 2010 kikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Je, kikundi kama hicho hubaki vipi pamoja baada ya tuzo? Nani huondoka, nani huingia, soko likidorora nani hubeba hasara? Ndege na vipepeo wa msitu wamehesabiwa upya mara nyingi. Maswali hayo yanahitaji mtu wa kurudi nayo hivyohivyo.

Wasomi wa hapa wangeweza kuyajibu. Kinachowazuia zaidi ni muda, na jinsi muda huo unavyonunuliwa. Mhadhiri mwenye madarasa makubwa na mshahara unaocheleweshwa hadi migomo itokee hupata nafuu kwa kazi za tathmini. Shirika humlipa apime mradi wake, yeye huandika ripoti, ripoti hukaa kwa shirika na mfadhili. Maswali yamewekwa na mteja, majibu ni mali ya mteja. Mahmood Mamdani, alipoongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere kuanzia 2010, alilipigia kelele jambo hili: chuo kinachoishi kwa ushauri wa kulipwa hupoteza uwezo wa kuuliza maswali yake. Akaanzisha masomo ya uzamivu yenye kozi na usomaji mzito ili watafiti walelewe nyumbani. Watu wamebishana sana kuhusu namna alivyoiendesha taasisi ile, lakini utambuzi wake wa ugonjwa ulikuwa sahihi, na Kakamega tunauishi.

Nafasi ya mtafiti ni dawa ya hapo, kwa sababu haina mteja. Angalau haipaswi kuwa naye. Ukweli ni kwamba wakfu zinazofadhili asasi za kiraia ndizo zilezile zinazofadhili utafiti juu yake, na hilo huleta haya ya kusema mabaya. Tena siasa imeingia. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana ambapo Bunge lilivamiwa tarehe 25 Juni, Rais William Ruto aliishutumu waziwazi Ford Foundation kwamba inafadhili vurugu, na wakfu huo ukakanusha. Mtafiti anayetaka leo kuchunguza jinsi vijana wa Kakamega walivyojipanga mwaka ule, bila ofisi, bila cheti cha usajili, bila mwenyekiti, atakuwa na kazi ya kueleza fedha zake zinatoka wapi kabla hajauliza swali la kwanza. Ninaona ni haki aeleze. Ninaona pia kwamba kama fedha zingekuwa za chuo chetu, maelezo yangekuwa mafupi.

Na wakati wa kufanya kazi hii ni sasa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo USAID ikafungwa rasmi. Kote magharibi mwa Kenya, miradi ya afya iliyotegemea mfuko huo ilipata pigo. Kwa mtafiti wa asasi za kiraia, hili ni tukio la kihistoria: mahali ambapo kwa miongo mingi mtu hangeweza kutenganisha kikundi na mfadhili wake, mfadhili ameondoka ghafla. Vikundi gani vitasimama? Wahudumu wa kujitolea waliokuwa wakipewa posho wataendelea na kazi? Kanisa, msikiti na chama vitabeba nini kati ya vilivyoachwa, na vitakataa nini? Majibu ya maswali haya hupotea haraka, kwa kuwa watu huhama na madaftari hutupwa. Upepo huohuo umezipiga nafasi za watafiti zenyewe. Mfuko wa Washington unaoendesha nafasi za Reagan-Fascell ulizuiliwa fedha zake mapema 2025. Anayengoja mgeni mwenye posho ya Marekani aje kuyarekodi haya atangoja sana.

Ndiyo maana nasema kazi hii iwe na makao Kakamega, na mahali pake ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Chuo hiki kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, lakini mizizi yake ni chuo cha WECO cha miaka ya 1970, kilichotokana na harambee za watu wa Mkoa wa Magharibi waliotaka watoto wao wapate ufundi. Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson walipochapisha uchambuzi wao mkubwa wa harambee nchini mwaka 1977, vyuo vya namna hiyo vilikuwa ndiyo kwanza vinajengwa. Chuo kilichozaliwa na michango ya wananchi kina deni la kuwaelewa wanaochanga. Sababu ya pili ni ya kitaaluma: tayari kina idara za kufundisha usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu, uwanja ambao hauwezi kutenganishwa na mashirika. Na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ina kituo chake mjini humu, ambamo barua za vyama vya zamani zinaweza kusomwa bila kupanda basi la Nairobi.

Sababu ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na haihitaji shilingi. Mtafiti wa kigeni hawezi kupata kibali cha tume ya NACOSTI bila barua ya taasisi ya Kenya inayokubali kumpokea. Akishapata kibali ataripoti kwa kamishna wa kaunti na kwa maafisa wa elimu, kisha kwa chifu, kisha kwa liguru, mzee wa kijiji. Katika mlolongo huo wote, chuo ndicho pekee kinachoweza kuweka masharti ya kitaaluma. Siku hizi barua za namna hiyo hutolewa mara nyingi kama huduma ya ofisi: lipa ada, chukua barua. Kibali chenyewe humtaka mtafiti aiachie tume nakala ya ripoti yake ya mwisho. Hakimtaki amwachie mama mwenye funguo ya sanduku.

Chuo kinaweza kusema hivi: anayetaka barua yetu kwa utafiti wa vyama na mashirika ya kaunti hii atakaa nasi muda unaofika Disemba. Atafanya kazi na mhadhiri wa hapa ambaye jina lake litakuwa kwenye andiko, si kwenye shukrani. Atalipia sehemu ya muda wa mhadhiri huyo ili apunguziwe vipindi. Data yake, ikishaondolewa majina na nambari za simu kama sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inavyotaka, itabaki pia kwenye maktaba yetu. Na kabla hajaondoka atasoma matokeo yake kwa Kiswahili mbele ya vikundi alivyovitafiti, apingwe. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa masharti haya mwenyeji angepona kweli.

Kisha kuwe na nafasi chache, hata mbili kwa mwaka, kwa watu wasio wasomi wa kazi: karani wa chama wa Shinyalu, mratibu wa kikundi cha walemavu wa Butere, mwekahazina wa kamati ya msikiti wa Mumias. Wapewe dawati, posho ya kuwatosha kuacha shamba au biashara kwa miezi mitatu, na mtu wa kuwasaidia kuandika. Washington imewachukua wanaharakati kwa namna hii kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna sababu ya kitaaluma ya Kakamega kushindwa. Wapo watakaosema karani wa chama hana mbinu za utafiti. Mbinu hufundishika kwa wiki kadhaa. Kujua kwa nini Mama fulani aliacha kuja mikutanoni mwaka ule hakufundishiki kwa mgeni.

Gharama ipo na sitaificha. Posho za watu wawili, muda wa mhadhiri, uchapishaji wa vijitabu, ukumbi. Ni fedha ambazo serikali ya kaunti hutumia kwa warsha za hotelini bila kufikiri mara mbili, na wafanyabiashara wa Kakamega wanaochanga mamilioni kwenye harambee za makanisa wangeweza kuzitoa kwa siku moja. Hatari pia ipo. Kaunti ikilipa itataka kusifiwa, na mwanasiasa akichanga atataka jina lake lisiguswe. Kwa hiyo mfuko ukae chini ya seneti ya chuo, na maombi yaamuliwe na kamati yenye watu wa vikundi ndani yake.

Kwa seneti ya Masinde Muliro, basi: andikeni masharti ya barua ya mapokezi mwaka huu, kabla ya kutafuta mfadhili wa jambo lolote. Na kwa makarani wa vyama mnaosoma haya: mtafiti akija na fomu ya ridhaa, kabla ya kutia sahihi muulizeni atarudi lini na matokeo, kwa lugha gani, na jina la nani wa hapa litakuwa juu ya ukurasa. Asipojibu, mkatalieni.